Stelingi wa Mille Collines: kisa cha filamu moja na mauaji ya kimbari ya Rwanda

Filamu inaanza gizani. Hakuna picha, ni sauti ya redio tu: mtangazaji anawaeleza wasikilizaji wake kwa nini anawachukia Watutsi wote, kwa utulivu wa mtu anayesoma bei za mazao. Kisha picha inafunguka, tunaiona Kigali mchana kweupe, magari, wachuuzi, jua. Nimeitazama Hotel Rwanda mara nne au tano tangu ilipotoka mwaka 2004, na kila nikirudia naona sekunde zile za giza zina ukweli kuliko saa mbili zinazofuata. Mauaji ya Rwanda yaliingia masikioni mwa watu kabla hayajafika mikononi. Redio RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993, ikipiga muziki mtamu, ikitaniana na wasikilizaji, ikiwaita majirani zao inyenzi. Mende.

Baada ya giza lile kamera inatafuta mtu wa kumfuata. Inampata, na haimwachi tena hadi mwisho. Kisa ninachokichambua hapa ndicho hicho: uamuzi wa kuyapitisha mauaji ya mamia ya maelfu ya watu kwenye mlango wa hoteli moja na uso wa meneja mmoja, na yaliyofuata pale uso ule ulipoanza kugombaniwa.

Hoteli yenyewe

Tarehe 6 Aprili 1994 Rais Juvénal Habyarimana aliruka kutoka Dar es Salaam, alikokwenda kwenye kikao cha viongozi wa kanda. Mezani palikuwa na Mkataba wa Arusha, wa amani kati ya serikali yake na waasi wa RPF, wengi wao Watutsi, uliotiwa saini Agosti 1993 na ambao utekelezaji wake ulikuwa ukisuasua. Ndani ya ndege alikuwamo pia Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Ndege ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Usiku ule ule vizuizi vikawekwa barabarani. Asubuhi Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana akauawa. Askari 10 wa Ubelgiji waliotumwa kumlinda walinyang'anywa silaha, wakapelekwa kambini na kuuawa huko. Ubelgiji ikaondoa kikosi chake. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likaamua walinda amani wapunguzwe hadi 270 kwa nchi nzima. Hadi Julai waliouawa walikuwa kiasi cha 800,000 kwa hesabu iliyozoeleka ya Umoja wa Mataifa. Serikali ya Rwanda inahesabu zaidi ya milioni moja.

Hôtel des Mille Collines ilikuwa mali ya Sabena, shirika la ndege la Ubelgiji. Meneja wake Mzungu alipoondoka, Paul Rusesabagina, aliyekuwa akiendesha hoteli nyingine ya kampuni hiyo hiyo, Diplomates, alihamia pale kushika nafasi. Baba yake Mhutu, mkewe Tatiana Mtutsi. Jengo lenye vyumba zaidi ya mia moja kidogo likajaa watu waliolala kwenye korido, kwenye ngazi, popote penye sakafu. Maji yalipokatwa walichota ya bwawa la kuogelea. Simu zilipokatwa, laini ya faksi ilibaki hai, na kupitia laini hiyo watu waliokuwa wakisubiri kuuawa walizungumza na Ulaya.

Karibu wote walitoka hai. Filamu inataja idadi yao, 1,268. Mwendo mfupi tu kutoka pale, katika kanisa la Sainte-Famille, watu walikuwa wakitolewa mmoja mmoja na kwenda kuuawa.

Mtu akiniuliza kwa nini hoteli ilinusurika na kanisa lisinusurike, sitamjibu kwa jina moja. Ndani ya hoteli kulikuwa na watu wakubwa wenye namba za simu za watu wakubwa zaidi. Kulikuwa na bendera ya Umoja wa Mataifa na waangalizi wachache wa kijeshi. Waandishi wa habari wa kigeni walipajua mahali pale. Serikali ya mauaji ilikuwa bado inajali inavyoonekana Paris na Brussels. Upande wa pili wa mji, waasi wa RPF walikuwa wanaushika Uwanja wa Amahoro uliojaa wakimbizi, na mwishoni mwa Mei pande mbili zilikubali kubadilishana watu: hawa watoke hotelini, wale watoke uwanjani. Na ndiyo, kulikuwa na meneja aliyejua kubembeleza, kuhonga, kumwaga pombe na kupiga simu kwa wakati wake. Simpunguzii hilo. Ila alikuwa sababu moja miongoni mwa sababu kadhaa, na sinema haina subira na sababu kadhaa.

Stelingi hafi

Waswahili tuna neno kwa mtu wa namna hii: stelingi. Kila aliyewahi kukaa mbele ya skrini anaijua sheria yake kabla hata hajaambiwa. Stelingi hafi. Jengo litaanguka, gari litawaka moto, rafiki yake atakufa mikononi mwake, yeye atatoka akifuta vumbi. Katika filamu ya ngumi sheria hiyo haina madhara. Ukiileta katika mauaji ya kimbari unampa mtazamaji kitu ambacho hakuna Mtutsi wa Kigali aliyekuwa nacho Aprili ile, yaani uhakika kwamba huyu hatafikwa.

Terry George, mwongozaji aliyezaliwa Belfast, hakuwa mjinga wa jambo hili. Yeye na mwandishi mwenzake Keir Pearson walitaka filamu itakayotazamwa na umma mpana, si na wanaharakati waliokwisha kuamini. Walimpa Don Cheadle nafasi ya Paul, Sophie Okonedo nafasi ya Tatiana, na sehemu kubwa ya filamu wakaipigia Afrika Kusini. Damu wakaibana kwa makusudi, hata Marekani ikapewa daraja linaloruhusu kijana wa miaka 13 kuitazama. Kwa hiyo ikaingia madarasani. Vijana wa nchi nyingi wameisikia Rwanda kwa mara ya kwanza mwalimu alipozima taa na kuwasha filamu hii, na hilo si dogo.

Tazama walivyolitatua tatizo la maiti. Alfajiri, Paul na dereva wake wanarudi kutoka kutafuta chakula. Georges Rutaganda, mfanyabiashara na makamu wa pili wa rais wa Interahamwe, wanamgambo wa Kihutu waliofanya mauaji, amewaambia wapite njia ya mtoni kwa kuwa ni nyeupe. Ukungu ni mzito. Gari linaanza kurukaruka kama limetoka barabarani, Paul anapaza sauti dereva asimame, anafungua mlango, anajikwaa na kuanguka. Ameangukia mtu. Ukungu unasogea kidogo na tunaona barabara yenyewe ni watu, wamelala hadi pale ambapo jicho haliwezi kufika. Kamera haimkaribii hata maiti mmoja. Akirudi hotelini anajifungia, anabadilisha shati, anaanza kufunga tai, vidole vinakataa. Anajaribu tena. Kisha analirarua shati na kulia sakafuni.

Ile tai ni sinema ya hali ya juu. Meneja wa hoteli ya nyota ni tai yake. Siku vidole vinaposhindwa kuifunga, ulimwengu wake umekwisha. Lakini angalia pia tulipopelekwa. Tuliona barabara iliyojaa waliouawa kwa nusu dakika, kisha tukamlilia aliyewaona. Kina nani wale barabarani? Walitoka mtaa gani, nani aliwajua kwa majina, nani aliwapeleka? Filamu haiulizi, na mtazamaji aliyekwisha kutoa machozi yake kwa ajili ya tai hagundui kwamba hakuulizwa.

Tukio la kuhamishwa Wazungu ni kali zaidi, na hapa nina la kusifu bila kusitasita. Mvua inanyesha. Wafanyakazi wa hoteli wanawafunika miavuli wageni wanaopanda mabasi, huku wao wenyewe wakiloa na wakijua wanabaki. Mpiga picha wa kigeni anamwomba mfanyakazi aache kumfunika, anasema anaona aibu. Kisha anatokea padri na watawa na watoto yatima mbio kwenye mvua, na askari wanawachambua kwa rangi: weupe wapande basi, weusi warudi hotelini. Hakuna panga, hakuna risasi, na ni hukumu ya kifo. Kosa la filamu si ukosefu wa ukali. Pale ilipowashtaki waliokimbia iliwashtaki vizuri. Iliposhindwa ni kuwaeleza waliobaki na kuua.

Chimbuko la chuki limepewa mazungumzo ya baa. Mwandishi wa Rwanda anamweleza mgeni kwamba Wabelgiji ndio waliogawa watu kwa pua na urefu, na wanawake wawili walioketi pale, mmoja Mhutu na mwingine Mtutsi, wangeweza kuwa mapacha. Ni kweli kwamba vipande, yaani vitambulisho vyenye kabila la mtu, vililetwa na utawala wa Ubelgiji miaka ya 1930, na ni kweli kwamba mwaka 1994 kipande hicho hicho kizuizini ndicho kilichoamua nani apite. Ila kati ya miaka ya 1930 na 1994 kuna mauaji ya 1959 na wakimbizi waliosambaa Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika, kuna mapinduzi ya 1973, kuna vita vya RPF kuanzia Oktoba 1990. Mtazamaji haelezwi lolote kati ya hayo. Anatoka akidhani mkoloni alipanda mbegu na ikaota yenyewe siku ndege ilipoanguka. Wanasiasa wa Kinyarwanda waliokaa ofisini wakapanga, wakaagiza mapanga, wakaandika orodha, wanageuka kuwa kelele za nje ya uzio.

Waliobaki nje ya fremu

Kuna mtu mmoja aliyekuwa akilala Mille Collines siku zile zile ambaye, kwa maoni yangu, angestahili filamu yake. Kapteni Mbaye Diagne alikuwa Msenegali, mwangalizi wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa, asiye na silaha. Asubuhi Waziri Mkuu alipouawa, Diagne aliwatafuta watoto wake na kuwaficha. Wiki zilizofuata alipita vizuizi akiwabeba watu kwenye gari lake, wachache wachache, akiwatania wanamgambo, akiwagawia sigara, akicheka nao, huku nyuma yake kuna watu waliojikunja wasionekane. Aliokoa mamia. Amri alizopewa hazikumruhusu. Tarehe 31 Mei 1994 kombora lilianguka karibu na kizuizi alichokuwa amesimama, likamuua. Alikuwa amebeba ujumbe wa kumpelekea Jenerali Roméo Dallaire, kamanda wa walinda amani, kutoka kwa Jenerali Augustin Bizimungu, mkuu wa majeshi ya Rwanda.

Filamu ina mwanajeshi wa Umoja wa Mataifa. Ni Kanali Oliver, Mkanada wa kubuni aliyechongwa kwa kumtazama Dallaire, na anachezwa na Nick Nolte. Msenegali hayumo. Sidhani kama kuna aliyekaa akaamua kumfuta. Ni hesabu ya stelingi tu. Ukiwa tayari na mwokoaji mmoja Mwafrika mwenye akili na haiba, wa pili anamfifisha wa kwanza, na hasa wa pili huyu ambaye anakufa.

Bizimungu naye tunaye kwenye filamu, kwa jina lake halisi. Ni jenerali anayependa whisky, anayenunulika kwa chupa, anayetisha na kuchekesha kwa pamoja. Sasa tazama tarehe. Hotel Rwanda ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto, Septemba 2004. Mwezi huo huo, mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda jijini Arusha, ndipo kesi ya Bizimungu na wenzake ilipoanza kusikilizwa. Majaji walichukua hadi 2011 kumtia hatiani kwa mauaji ya kimbari na kumpa miaka 30, na mwaka 2014 rufaa ikaiacha adhabu hiyo ilivyo. Mashahidi walisafiri, wakaapa, wakahojiwa, wakalia, wakarudi kwao. Kurasa kwa maelfu zikaandikwa. Kwenye ukumbi wa sinema watu walikwisha kutoa hukumu kwa dakika 121. Arusha ilikuwa imeshaandika historia mwaka 1998 katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba, pale mahakama ya kimataifa ilipohukumu kwa mara ya kwanza kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Ndani ya filamu, jambo hilo zima ni wanawake waliofungiwa kizimbani kwenye bohari la Rutaganda, tunaowaona Paul anapopita kununua bia na mchele.

Na yule mpiga picha? Katika filamu anapiga kwa mbali watu wakiuawa barabarani, Paul anashukuru kwamba dunia itaona na kuja, na mpiga picha anamjibu kwamba watu wataona, watasema inatisha, kisha wataendelea na chakula chao cha jioni. Mauaji ya Rwanda yalipigwa picha mara chache mno yakiwa yanatendeka. Mmoja wa waliofanikiwa ni Mwingereza Nick Hughes, aliyekuwa juu ya jengo la shule Kigali, Aprili 1994. Hughes hakuisahau picha ile. Alirudi, na pamoja na mtayarishaji Mnyarwanda Eric Kabera akatengeneza filamu iitwayo 100 Days mwaka 2001, wakiipigia ndani ya Rwanda. Ni kuhusu msichana Mtutsi anayekimbilia kanisani na kugeukwa na padri. Hakuna hoteli wala stelingi, na ulinzi anaoahidiwa haumlindi. Ilitangulia Hotel Rwanda kwa miaka mitatu, na sijakutana na watu wengi walioiona.

Nilipoitazama sikutamani kuirudia. Hapo ndipo penye ugumu ambao wakosoaji wa Hotel Rwanda, nikiwemo mimi, tunaupita haraka: filamu iliyo karibu zaidi na ukweli wa wengi ndiyo ambayo wengi hawataiona.

Uso unapogombaniwa

Kabla ya filamu, Rusesabagina alikuwa mkimbizi Ubelgiji, aliyepata kuendesha teksi Brussels. Filamu ikateuliwa kuwania Oscar tatu, na Novemba 2005 Rais George W. Bush akamvisha Nishani ya Uhuru. Akaanza kuzunguka vyuo akihutubia, na katika hotuba zake akaanza kuikosoa Serikali ya Rais Paul Kagame. Kigali nayo ikaanza kumkana hadharani. Baadhi ya manusura wa hotelini walisema aliwatoza pesa za vyumba na chakula, na mmoja wao, Edouard Kayihura, alishiriki kuandika kitabu kizima juu ya hilo mwaka 2014. Wengine walisimama upande wake wakisema bila yeye wasingekuwa hai. Yeye alikana, na mwongozaji wa filamu alimtetea magazetini.

Mabishano yakahama kutoka 1994. Rusesabagina akaongoza muungano wa upinzani ulioko nje ya nchi, ambao tawi lake lenye silaha, FLN, lilihusishwa na mashambulizi ya 2018 kusini mwa Rwanda yaliyoua raia. Agosti 2020 alipanda ndege ya kukodi Dubai akiamini anakwenda Bujumbura. Ilitua Kigali. Watetezi wa haki za binadamu waliuita utekaji. Septemba 2021 alihukumiwa miaka 25 kwa makosa ya ugaidi, katika kesi aliyokuwa ameisusia. Machi 2023 aliachiwa, akasafirishwa kupitia Qatar hadi Marekani.

Nilifuatilia mjadala wa miaka ile kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa kidogo nilicho nacho, na kitu kimoja kilinikera. Watu walijadili mauaji ya kimbari kana kwamba yameegemea tabia ya mtu huyu. Aliyemwamini Rusesabagina alisoma kukamatwa kwake kama ushahidi kwamba simulizi ya Kigali ya 1994 ni ya uongo. Aliyemchukia alitumia kesi ya 2021 kufuta hata kile ambacho mashahidi wa hotelini walisema alifanya. Na wale wanaokana mauaji yenyewe, ambao hawajawahi kukosekana, walikuta mlango wazi: kama stelingi ni wa kutungwa, basi na filamu nzima ni ya kutungwa. Mtu anaweza kuwa aliokoa watu mwezi Mei 1994 na akawa na hatia mwaka 2018. Anaweza pia kuwa alitoza pesa chumba kimoja na kumficha bure wa chumba cha pili. Historia inabeba hayo bila taabu. Filamu ya stelingi haiwezi kuyabeba, kwa sababu ilishatuahidi mtu mmoja mwenye roho moja.

Wako waongozaji waliojaribu njia nyingine. Raoul Peck wa Haiti, mwaka 2005, katika Sometimes in April, aligawa hadithi kwa ndugu wawili Wahutu: mmoja mwanajeshi aliyepoteza mke na watoto, mwingine mtangazaji wa redio ya chuki anayeshitakiwa Arusha. Muuaji akapata jina, sauti na kaka. Aliipigia Rwanda kwenyewe, na mahakama imo. Kwangu ndiyo filamu bora ya hayo yote, ingawa nakiri kwamba ni ya televisheni na ni nzito kama mzigo wa kuni mbichi.

Umoja wa Mataifa ulianzisha mwaka 2014 nishani ya ushujaa yenye jina la Kapteni Mbaye Diagne. Ya kwanza kutolewa, mwaka 2016, alikabidhiwa mjane wake.

Hotel Rwanda bado inaonyeshwa. Mwishoni, baada ya watu kufika salama upande wa pili wa mapambano na stelingi kuwapata watoto wa shemeji yake, skrini inarudi kuwa nyeusi kama ilivyoanza, safari hii ikiwa na maandishi meupe. Yanasema Rutaganda alifungwa maisha. Yanasema Bizimungu alikamatwa Angola na kupelekwa Arusha, bila hukumu, kwa kuwa haikuwa imetoka. Yanasema Paul na Tatiana sasa wanaishi Ubelgiji pamoja na watoto wao.